Zamu ya Bi Eliwaza

Juu ya paa la Jengo la Tisa, Mgawi aligawa hewa mara elfu kumi kwa kila sekunde.

Kwa umbo hakuwa mkubwa. Ungemwona ungedhani ni sufuria iliyofunikwa, ikasahauliwa kati ya matangi ya maji. Upepo wa Singida ulimpiga mchana kutwa bila kumtikisa. Chini yake kulikuwa na ghorofa ishirini na sita, kaya mia mbili na nane, na vifaa elfu sita mia tatu na arobaini, vyote vikitaka kusema kwa wakati mmoja. Majiko yalitaka kuuliza wali uive saa ngapi. Wapagazi, yaani zile roboti za miguu minne zinazowabebea watu mizigo, walitaka kujua njia. Miwani-kazi ndiyo iliyokuwa na njaa kuliko vyote: mtu huivaa akiwa sebuleni kwake, amekunja miguu kwenye mkeka, huku mikono yake ya chuma ikipakua makontena kwenye bandari ambayo hajawahi kuiona.

Tatizo ni kwamba hewa ni moja. Vifaa viwili vikisema kwa mpigo mmoja, maneno yao hugongana na hakuna anayesikika, kama majirani wawili wanaogombana dirishani. Kwa hiyo Mgawi alitoa zamu. Wewe sema, nyamaza. Sasa wewe. Sasa yule. Alifanya hivyo kwa haraka mno hata kila mtu alidhani hewa yote ni yake peke yake.

Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Ukweli ni kwamba watu walilalamika.

Mwajabu Msengi, fundi wa mawimbi wa jengo lile, alikuwa akiamka na malalamiko na kulala nayo. Miwani inakwama. Jiko limeunguza. Mpagazi amesimama kwenye korido kama punda aliyekataa mzigo. Kila asubuhi alifungua daftari la malalamiko kwenye ubao wake wa kielektroniki, akavuta pumzi, akaanza kusoma, na kila asubuhi chai yake ilipoa kabla hajafika nusu. Miaka mitatu hiyo! Kuna siku alitamani kupanda paani, amng'oe Mgawi, amtupe Ziwa Singidani, heroe wamtagie mayai.

Kisha, Alhamisi moja, akagundua ugonjwa ulipo.

Sheria ya Mgawi tangu mwanzo ilikuwa mzigo sawa. Kila kifaa kikipata zamu, kinatua mzigo mmoja, kinampisha mwenzake. Vifaa vipya vilitua mzigo wao kwa kufumba na kufumbua. Lakini kwenye chumba 1107 kulikuwa na kifaa kimoja cha zamani kilichouburuta mzigo wake taratibu, taratibu, na jengo zima likisimama nyuma yake likisubiri. Kifaa hicho kimoja kilikula karibu theluthi ya muda wote wa hewa.

"Kumbe ni wewe," Mwajabu aliiambia ile namba kwenye ubao. "Umenitesa miaka mitatu."

Akabadili sheria. Badala ya mzigo sawa, muda sawa. Kila kifaa kipewe muda uleule. Mwepesi abebe kingi, mzito abebe atakachoweza, muda ukiisha ampishe mwingine. Nani angeweza kusema hiyo si haki?

Kwenye ubao palikuwa na namba tu, 1107. Hapakuandikwa kwamba kifaa kile kilikuwa koo la mtu.

*

Kesho yake jengo liliruka. Miwani haikukwama. Wapagazi walikimbia kwenye korido mpaka watoto wakawashangilia. Mwantumu wa 1106, binti mwenye mdomo mkubwa aliyepakua makontena kwa miwani kutoka alfajiri, alimletea Mwajabu mayai ya kienyeji kumi na mawili kwenye kikapu.

"Dada Mwajabu, umetuokoa! Leo nimemaliza kazi nikabaki na muda wa kusuka nywele. Angalia!"

Na daftari la malalamiko likawa jeupe. Ijumaa jeupe. Jumamosi jeupe. Mwajabu alikunywa chai ya moto siku nne mfululizo.

Siku ya tano ukimya ukaanza kumwasha.

Kulikuwa na sauti moja ambayo haikukosa daftarini hata siku ya sikukuu. Ilikuja saa moja na nusu asubuhi, kwa maneno na si kwa maandishi, na haikupungua dakika saba. Ilikuwa sauti ya Bi Eliwaza. Mwajabu hakuwahi kumwona, lakini aliijua sauti ile kuliko ya shangazi yake. "Fundi, habari za asubuhi, mimi sina mengi." Akisema hana mengi, ujue umekwisha. Angeanza na mawimbi, apite kwenye takataka za ghorofa ya tisa, amguse mwenyekiti wa jengo, amalizie na vijana wa siku hizi wasiosalimia. Mara nyingi Mwajabu alimsikiliza huku akisaga meno. Mara nyingine, asingependa kukiri, alicheka peke yake.

Sasa siku nne, kimya. Bi Eliwaza ameridhika? Mtu yule anaweza kuridhika?

Akatafuta anakaa wapi. Ubao ukamjibu: 1107.

*

Aliyefungua mlango alikuwa Mzee Kiula, mume wa Bi Eliwaza, mtu mwembamba mwenye aproni ya jikoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye fundi wa hewa? Karibu, karibu. Mama yako yupo hapa."

Bi Eliwaza alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, kitenge magotini, macho makali kama ya kuku mwenye vifaranga. Kwenye shingo yake palikuwa na kovu, na kifuani alining'iniza kipaza sauti kidogo mfano wa kifungo cha koti.

"Shikamoo mama," Mwajabu alisema.

Midomo ya bibi ikacheza. Kipaza sauti kikanyamaza.

"Alipata kiharusi mwaka wa tisa sasa," Mzee Kiula alieleza akimimina chai. "Koo likafa. Wakamshonea kisemeo hapo shingoni. Yeye anatikisa koo, kisemeo kinatuma hewani, huko mitambo inatengeneza sauti, inarudi hapo kifuani. Sauti yake yenyewe, ile ya ujana, waliitoa kwenye meseji za sauti alizokuwa ananitumia. Meseji za kunigombeza, zipo elfu na kitu."

Mwajabu alikuwa ameshakunywa mafunda mawili ndipo kifungo kilipokohoa.

"Ma... ra... haba."

Mwajabu akaweka kikombe chini.

"Ni hivyo tangu Ijumaa," mzee alisema. "Neno linakuja limechelewa, limekatika. Mimi nimeishi naye miaka arobaini na tatu nikimwomba Mungu anipe kimya japo cha siku moja. Sasa nimepewa. Sikitaki, mwanangu. Mwambie anayehusika akichukue."

Mwajabu hakuweza kusema kwamba anayehusika ndiye huyu anayekunywa chai yake. Akauliza kingine. "Mwenyekiti Ntandu amekuja kuwaona?"

Midomo ya bibi ikacheza kwa kasi. Kimya.

"Chai yangu unaionaje?" mzee akauliza kuvunja ukimya.

"Ni... m... jinga... tu," kifungo kikasema.

Bi Eliwaza akafumba macho kwa hasira. Mzee hakucheka.

"Jumapili walikuja wenzake wa kwaya," alisema kwa sauti ya chini. "Wakaketi hapo ulipoketi. Wakamuuliza habari, wakasubiri, wakachoka. Mmoja akasema, masikini Eliwaza, akili nayo imeanza kuondoka. Akasema hapahapa, mbele yake! Wakavaa viatu, wakaenda zao. Baada ya hapo ndiyo jibu likaja, viti vitupu."

"Alisemaje?"

"Alisema, ya kwako ilikuwepo lini?"

Hapo Mwajabu alicheka, na palepale machozi yakamtoka, akawa hajui ashike lipi.

"Kisemeo hakiwezi kubadilishwa, baba?"

"Daktari amekataa. Moyo wake hauwezi kisu kingine. Hiki ndicho atakachozikwa nacho."

*

Alipanda paani kwa hasira, kana kwamba kumsogelea Mgawi kungemfanya asikie vizuri zaidi.

"Mgawi, 1107 hapati zamu."

"Anapata," Mgawi alijibu kwa sauti yake laini isiyopanda wala kushuka. "Muda wa 1107 ni sawa na wa kila kifaa. Mgawanyo ni wa haki."

"Hawezi kumaliza neno moja!"

"Hilo si suala la muda."

"Ni suala la nini?"

"La kifaa. Kifaa ni kizito. Mgawanyo ni wa haki."

"Ukisema tena mgawanyo ni wa haki nitakupiga teke."

Mgawi alifikiri kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana, labda nusu sekunde. "Teke halitabadili mgawanyo," akasema.

Mwajabu akakaa juu ya tangi la maji. Akirudisha mzigo sawa, koo la bibi litapona, na kaya mia mbili na saba zitamsubiri mlangoni na mikono kiunoni. Akiacha muda sawa, ndiyo hii. Amekamua akili miaka mitatu, na amefanikiwa kuhamisha kero kutoka kwa watu wanaoweza kupiga kelele kwenda kwa mtu asiyeweza. Hongera, fundi.

Njia ilitoka kwa Bi Eliwaza mwenyewe. Mwajabu aliporudi 1107 kuaga, aliwaeleza foleni ya hewa ilivyomshinda; midomo ya bibi ikacheza, na wote watatu wakasubiri wakitazama kile kifungo.

"Ki... du... mu."

"Kidumu?" Mwajabu alimgeukia mzee.

Mzee Kiula akapiga paja. "Anasema bombani! Sisi tulikulia kwenye foleni ya bomba, mwanangu. Wenye ndoo na mapipa wanajipanga toka asubuhi. Lakini akija mtu ana kidumu kimoja tu, cha kupikia uji wa mtoto, hapangi foleni. Anasema, jamani nina kidumu kimoja, nipisheni. Anakinga, anakwenda. Hakuna aliyemnyima, maana kidumu hakimalizi maji."

Mwajabu alimkumbatia bibi, akakimbia.

Sheria mpya aliiandika kabla ya saa sita mchana: muda uwe sawa, lakini mwenye mzigo mdogo, asiyekuja mara kwa mara, apite mbele ya wenye mapipa. Na neno moja la Bi Eliwaza lilikuwa nini mbele ya makontena ya Mwantumu? Kidumu kabisa. Sasa kisemeo kikija, kinapita pale pale, hata kikijikokota.

Jumatano saa moja na nusu asubuhi, ubao ulilia.

"Fundi, habari za asubuhi, mimi sina mengi..."

Dakika kumi na mbili. Mwajabu alizisikiliza zote, na chai ikapoa, na hakujali.

*

Ijumaa jioni jengo zima lilisimama.

Kisa chenyewe ni cha kuudhi mpaka unakosa pa kushika. Kila sheria mpya ya Mgawi ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo ukumbini, ndivyo kamati ilivyotaka. Watu wakaisoma. Na watu wa Jengo la Tisa, wengi wao wajukuu wa wale waliopanga foleni bombani, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Ikiwa mwenye kidumu anapita, basi pipa la nini? Wakavifundisha vifaa vyao kukata mizigo vipande vipande. Kontena likawa vidumu mia. Wali ukawa vidumu. Kila kipande kikaja na jina jipya, kikidai ndiyo kwanza kinafika, kina haraka, kina mtoto wa uji nyumbani. Mgawi akawapisha wote mbele ya wote. Na katikati ya vidumu laki moja vya uongo, kidumu kimoja cha kweli kikabanwa, na sauti ya Bi Eliwaza ikakatika tena.

Mwajabu alimkuta Mwantumu koridoni, amevua miwani.

"Na wewe umekata?"

"Nimekata, dada." Mwantumu hakuona haya. "Wenzangu wote wanapita, mimi nibaki na pipa langu kama mjinga? Ungekuwa wewe?"

"Jirani yako wa 1107 hawezi kusema."

"Sasa mimi ningejuaje? Bombani mtu unamwona usoni. Akituma watoto kumi na vidumu kumi, mama mmoja anamwambia, wee, acha tamaa, na anaona aibu. Huyo Mgawi wako anaona nini? Namba!"



*

Mkutano wa wakazi ulikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa, na kila mkono ulikuwa na kikuku, kile kifaa cha kuamrisha nyumba nzima, kikimetameta. Mbele alisimama mwenyekiti wa jengo, Elifuraha Ntandu, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri, na mke wake alikaa nyuma yake akifuma kitambaa.

"Hoja ni moja," Ntandu alisema. "Turudi kwenye muda sawa. Bila kidumu, bila ndoo, bila ubaguzi wowote. Na sheria ifungwe mwaka mzima, hata fundi asiiguse. Tumechoka kufanyiwa majaribio kama panya."

Makofi.

Mwajabu alisimama. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu; aliyatazama maneno yake yakitoka kama anayamwaga. "Jamani, kile kifaa cha 1107 ni koo la mtu. Mkifunga mwaka, mnamfunga mdomo mwaka. Hewa ni moja. Kila kifaa chenu kinachosema, kinachukua zamu. Kikinyamaza, zamu yake inakwenda kwa wengine. Mimi naomba tu..."

"Si anunue kipya?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kimeshonwa shingoni. Hakitoki."

Minong'ono ikapita. Bi Eliwaza alikuwa mstari wa pili, pembeni ya mumewe, wima kama msumari.

"Mama yetu tunamhurumia," Ntandu alisema, na kwa kweli uso wake ulionyesha huruma. "Lakini huruma si sheria. Leo tukipisha koo, kesho mtu ataleta goti." Watu wakacheka. "Sheria ni foleni. Mimi tangu nihamie jengo hili sijawahi kupita mbele ya mtu yeyote, mdogo wala mkubwa. Ndiyo maana nina haki ya kusimama hapa."

Midomo ya Bi Eliwaza ikaanza kucheza.

"Anasema!" Mzee Kiula alipiga kelele. "Mwenyekiti, mke wangu anasema! Subirini!"

Wakasubiri. Ukumbi ulitulia kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha mtu akakohoa, mwingine akatazama kikuku chake, mtoto akalia, na Ntandu akatazama saa.

"Baba, tutasubiri mpaka lini? Wanaokubali, mikono juu."

Mikono mia moja thelathini na moja. Wanaokataa, arobaini. Mzee Kiula aliinua miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Bi Eliwaza hakuinua wowote. Alikuwa bado anasema, midomo inakwenda, macho hayamtoki mwenyekiti, na kifuani kimya.

"Hoja imepita. Asanteni kwa kuja."

Viti vikaanza kuburuzwa. Mwajabu alibaki ameketi na ubao wake magotini. Mwaka mzima. Alitaka kulia, akaona hata kulia kunamuudhi.

"Nta... ndu," kifungo kikasema.

Wachache waligeuka.

"Siku... ile... lifti... ilipo... kufa."

"Lifti ipi?" mtu akauliza.

"Ile ya mwaka juzi," jirani yake akamjibu. "Wiki nzima. Si unakumbuka wapagazi walibeba wazee mgongoni, sisi tukapanda ngazi mpaka magoti yakalia?"

"Wa... zee... tu," kifungo kikasema, na kikanyamaza kwa muda mrefu. Waliokuwa mlangoni walisimama. "Ulinifuata... hapa chini... uka... azima..."

Kimya.

"Akaazima nini?" Mwantumu alikuwa amesharudi katikati ya ukumbi, kiti mkononi. "Mama, akaazima nini?"

Sekunde kumi. Kumi na tano. Shingo zote zimenyooka.

"Ka... nga."

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Ntandu akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mama yetu amechoka, jamani. Twendeni."

Hakuna aliyekwenda. "Kanga ya nini?" watu waliulizana. "Mwanamume mzima, kanga ya nini?"

"Uka... ji... funika..."

"Mungu wangu, hii ni adhabu!" Mwantumu aliruka-ruka kama mtu aliyebanwa na mkojo. "Dada Mwajabu! Nikizima changu, atasema haraka?"

"Kidogo," Mwajabu alisema.

Mwantumu akaleta kikuku kinywani. "Nyumba, lala." Kule juu, kwenye 1106, kila kifaa chake kikazima.

"Ukajifunika... kichwa," kifungo kikasema.

"Mmesikia? Imeongezeka! Zimeni na nyie! Mnamziba mama!"

"Nyumba, lala," mwanamke mmoja alisema. "Nyumba, lala," mumewe akafuatia. Sauti zikapita mstari kwa mstari, na kwenye ubao wa Mwajabu namba zikaanza kuporomoka. Elfu sita. Elfu nne. Elfu mbili na mia. Wale mia moja thelathini na moja walioinua mikono walizima kwa haraka kuliko wengine, maana ndio waliokaa mbele na kumwona vizuri Ntandu akitokwa jasho.

"Ukainama, ukajishika kiuno," kifungo kikasema, sasa bila kukatika sana, "ukamwambia mpagazi wewe ni bibi wa miaka themanini. Akakupakia. Wazee wa kweli watatu wakabaki chini wanakuangalia, na mimi ni mmoja wao, na kanga ni yangu."

Kicheko kililipuka hadi vioo vikatikisika. Mzee mmoja alikaa sakafuni kwa kucheka.

"Na mlipofika ghorofa ya kumi na nane..." Sauti ikakwama.

"Nani hajazima?" watu walifoka wakigeuka huku na huku. "Nani bado? Ghorofa ya kumi na nane kulitokea nini?"

"Washeni!" Ntandu alipiga kelele. "Washeni vifaa vyenu! Kuna watu wana kazi! Jamani, sheria imepita, washeni!"

Mwajabu alitazama ubao. Miaka mitatu alimfundisha Mgawi kuhesabu mizigo, kisha muda, kisha vidumu. Hakuwahi kumfundisha kutamani kusikia, na hakujua angeanzia wapi. Vilikuwa vimebaki vifaa vichache tu katika jengo lote, na vyote, isipokuwa kimoja, vilikuwa vya kaya ya mwenyekiti.

Mke wa Ntandu aliweka kitambaa chake chini. Akanyoosha mkono, akamshika mumewe kikuku, akasema kwa utulivu, "Nyumba, lala." Kisha akamwambia, "Kaa chini, baba. Mimi uliniambia ulipanda kwa miguu."

Juu ya paa upepo ulivuma, na Mgawi, kwa mara ya kwanza tangu awashwe, hakuwa na wa kumwambia ampishe mwenzake. Watu wakarudisha viti. Wakaketi.

Bi Eliwaza alinyoosha kitenge chake magotini, akawatazama mmoja mmoja, bila haraka yoyote.

"Haya," alisema, na sauti ilitoka nzima. "Nisikilizeni vizuri, maana sirudii."